Paswedi ya Baba Elizabeti

Jumatatu, 6 Oktoba 1997

Nimerudi! Kwa mlango wa mbele, na barua mkononi. Miaka minne iliyopita nilitolewa ofisi hiihii ya kampuni ya mkonge nikiwa na pingu — niliingia kwenye kompyuta nikafuta majina arobaini na moja ya watu wa kupunguzwa kazi. La Baba likiwemo. Hakimu hakuwa na kifungu cha kompyuta, akanibandika cha kughushi. Miezi kumi na minane gereza la Maweni, na majina wakayarudisha yote. Shahidi wa kwanza: Bwana Eliudi, afisa utumishi, mwenye orodha.

Sasa kampuni imeuzwa. Meneja mpya, Bwana Edgar, anataka mtu wa kumwonyesha matundu yalipo. Mtu mwenyewe mimi! Ijumaa nifungue kompyuta zote sita mbele ya watu, na kila paswedi niitamke, mwenye mashine athibitishe. Zikifunguka zote, ulinzi wa kompyuta ni kazi yangu. Ikibaki moja, kwaheri.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimeshinda mapokezi nasikiliza watu wakisalimiana. Basi! Mama Samira, hujambo? — samira. Shikamoo Baba Abass — abass. Wametumia majina ya vifunguamimba wao, yaleyale wanayoitwa kutwa. Walipoenda kula nikajaribu: tano zimefunguka. Hata ya mke wa Eliudi, mpiga chapa — elizabeti. Nimecheka peke yangu chooni.

Ya Eliudi mwenyewe, Baba Elizabeti, imegoma jina hilo. Nimemwamkia kwenye korido, hakuitikia. Kasema tu yake siipati, hata nirudi nilikotoka. Tutaonana!

Jumatano, 8 Oktoba

Nimejaribu jina la mkewe. La kanisa lao. La kijiji cha kwao, Amani. Wapi!

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimemsimulia Mama akipepeta mchele. Hata hakuinua macho. Elizabeti si mtoto wao wa kwanza, kasema. Tulipokuwa majirani kule Mwera, kambi ya wakata mkonge, Eliudi na mkewe walipata wa kiume, Asheri, hakufika siku arobaini. Baba yako ndiye aliyechimba kaburi. Mama wa mtoto hataki kulisikia jina lile mpaka leo.

Baiskeli mbio hadi ofisini. Eliudi yuko shambani. Asheri — imefunguka!

Niliruka. Sita kwa sita! Mimi, mfungwa! Halafu nikakaa. Kumbe kila asubuhi, kabla ya kazi yoyote, yule mtu huandika jina la mwanawe. Nikazima, nikaondoka bila kuaga.

Ijumaa, 10 Oktoba

Naandikia kwenye veranda ya nyuma. Umeme umekatika katikati ya mkutano, wote wametoka kupunga upepo. Tano zimekwisha, vicheko tele, Mama Samira kajifunika uso kwa mtandio. Bwana Edgar kanipigia makofi mbele ya walewale walioniona na pingu. Nimejisikia mkubwa, sifichi.

Imebaki moja. Mama Elizabeti alikaa kiti cha mbele kabisa, anasubiri mumewe aumbuliwe, wacheke pamoja. Hajui ni jina gani atakalolisikia.

Eliudi kanifuata hapa sasa hivi. Nilijua ni matusi. Kauliza tu, kwa sauti ya chini, nimeipata? Nikasema ndiyo. Akavua miwani, akaifuta kwa shati.

Kisha akauliza kama baba yangu hajambo. Miaka minne hajawahi kuuliza! Nikasema hajambo, yuko nyumbani. Nikamwamkia upya, shikamoo. Leo kaitikia.

Feni zimeanza kuzunguka. Viti vinavutwa ndani. Bwana Edgar anaita — Saleh, njoo, ya mwisho hiyo!