Siku Niliyompatia Baba Kaka

Elerai, Arusha
12 Machi 2024

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Miguu inaendeleaje? Sisi huku wazima, mvua tu ndiyo imetuchosha. Ningepiga simu, lakini husikii, tutaishia "nini? nini?" mpaka salio liishe. Nampa jirani yangu Fransiska barua akija huko Usa River kuchukua mboga.

Baba, sijui leo nimeamka na mguu gani! Kitambulisho cha taifa nilichofuatilia mwaka mzima, nimefika tu nimepewa. Miwani yako iko tayari. Fundi kamaliza gauni, na halinibani. Saa tano sina kazi! Nikapanda Olmotonyi, kwenye kanisa ulilosema mama yako alizikwa.

Mzee wa kanisa akanitolea kitabu cha ubatizo, kona zimeliwa na panya. Nikapekua mpaka 1958: "Mtoto wa kiume, mama amefariki, amechukuliwa na mwinjilisti wa Usa River." Ni wewe! Na mstari wa juu yake kaandikwa kaka yako, Koikai, miaka sita, mama huyo huyo. Mzee akasema, "Koikai? Mbona yupo, alihamia Oldonyo Sambu na ng'ombe wake." Huko huko kwa kina Lemomo wangu! Baba, una kaka. Nililia mbele za watu.

Nenda wewe kwanza, ndiyo heshima. Wazee wa Lemomo walisema hawaleti posa mpaka wajue sisi ni wa ukoo gani. Haya, sasa watajua. Usiniite tena mvivu.

Bintiyo,
Anneth


Usa River
21 Machi 2024

Anneth mwanangu,

Marahaba. Miguu imenifikisha Oldonyo Sambu. Wewe u mzima?

Sikuuliza mara mbili. Kaka alitoka zizini nikaiona pua yangu. Tulishikana tukalia, wazee wazima. Anasema siku niliyochukuliwa alinifuata barabarani mpaka wakamrudisha kwa fimbo. Miaka yote hii alidhani nilikufa.

Halafu akamwita mjukuu wake aniletee kiti. Akaja Lemomo.

Ni Lemomo wako, mwanangu. Yule mzee mnayemwita Baba Lerionka ndiye Koikai. Kwao mchumba hamtaji mzee kwa jina, ndiyo maana hukujua, na mimi mjinga sikuuliza. Lemomo aliinamisha kichwa nikiguse, salamu yao kwa wazee, akinisalimu kama mkwe. Kaka akacheka: "Huyu ni babu yako!" Nilikosa pa kutazama. Wewe ni shangazi yake, Anneth. Hakuna mzee wala mchungaji atakayekubali.

Pole haitoshi, lakini sina neno lingine.

Baba yako,
Elimringi


Elerai
24 Machi 2024

Baba,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Mimi si mzima.

Lemomo alikuja jana. Alisimama mlangoni, hakuingia, hakunishika hata mkono. Nilimwambia tuondoke, twende Dodoma, nani atatujua? Akasema, "Sisi wenyewe tutajua." Akaondoka.

Rudi kwa yule mzee. Mwambie tulikosea, kitabu kimeliwa na panya, ni mtoto mwingine. Nani atabisha? Umeishi miaka sitini na sita bila kaka. Mimi siwezi wiki moja bila Lemomo. Najua ninachokuomba. Nakuomba hivyo hivyo.

Anneth


Usa River
3 Aprili 2024

Mwanangu Anneth,

Hujambo? Unakula?

Nilikwenda kusema uongo. Naapa nilikwenda. Nilimkuta kaka kawakusanya watoto na wajukuu wote, kawapanga mstari, kila mmoja aje nimguse kichwa. Walikuwa thelathini na moja. Maisha yangu yote nimeitwa mtoto wa kuokotwa, mwanangu. Nilifungua mdomo nikashindwa. Nikawagusa wote. Lemomo hakuwepo.

Nisamehe.

Baba yako


Usa River
16 Juni 2024

Anneth mwanangu,

Hujambo? Hii ni barua ya nne tangu ile ya Aprili. Fransiska anasema unazipokea, unaziweka mezani bila kuzifungua. Anasema pia umekonda.

Kaka ananiuliza kila Jumapili, binti yako anakuja lini? Namwambia una kazi nyingi mjini. Huo uongo mbona nimeuweza.

Nijibu, hata kama ni kwa kunitukana.

Baba yako