Injini ya Mafuru Haikukosa Maji

Bunda, msimu wa pamba

Kaka Saidi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umesimama kwa miguu yako, na goti la mama liwe limepata nafuu kwa kuwa mvua huko zimekatika. Mimi mwili wangu mzima. Kinachowaka ni moyo, na umeuwasha wewe kwa barua yako.

Umeniandikia maneno makali, kaka. Unasema nimekuaibisha kwa Mafuru, rafiki yako mliyefanya naye kazi Tanga, aliyenipokea Musoma kwa ajili yako tu. Unasema nimeunguza injini yake kwa uvivu wa kutia maji, kisha nikamtupia funguo. Funguo nilimtupia, sikatai. Maji nilitia. Sasa nisikilize na mimi, maana yeye umeshamsikiliza.

Lile pikapu lake nililokuwa naendesha lilikuwa linabeba dagaa na watu kutoka Murangi kwenda mjini. Siku hizi kwenye maduka ya Iringo, hapo mjini, sabuni imerudi, sukari imerudi, mitumba imejaa hadi barazani. Petroli ndiyo bado ya kuvizia. Inauzwa kwa madebe nyuma ya nyumba za watu, na humo wametia mafuta ya taa. Ukinusa tu unajua. Kwa petroli ya namna hiyo niliirudisha taiming ya cheche nyuma kidogo, kama ulivyonifundisha, cheche isiwahi kabla pistoni haijafika juu. Gari likapungua mbio, lakini mlimani lilipanda kimya.

Mafuru akanung'unika kwamba linakula mafuta. Akalipeleka kwa fundi mmoja wa mtaa wa Mukendo anayejisifu kuwa anaweza kufanya gari lolote linywe nusu. Dawa yake ni nini? Alilegeza distribyuta, akaizungusha hadi cheche ikawa inapiga mapema mno, akakaza, basi. Na kweli, kwenye tambarare, gari tupu, liliruka. Mafuru akashuka anacheka.

"Umeona? Limekuwa jepesi! Kumbe mlikuwaga mnanimalizia mafuta yangu bure."

Nikamwambia, "Mzee, ingekuwa petroli safi, hata mimi ningeisogeza mbele kidogo, lingepata nguvu na lingekula vizuri. Kwa hii yenye mafuta ya taa, likipanda na mzigo injini itagonga ndani. Ikigonga sana, pistoni inaungua."

"Wewe ni dereva. Boneti usifungue tena."

Niliifungua, nikarekebisha. Akagundua, akalirudisha Mukendo, akaniambia mbele ya abiria kwamba nikigusa tena nitalala polisi. Ndipo nilipokuandikia. Ukanijibu nivumilie, Mafuru ni mtu mzima. Basi nikavumilia, nikaendesha gari linalogonga.

Sasa sikia yaliyotokea. Tulikuwa Murangi, tumeshapakia magunia ya dagaa, na siku hiyo Mafuru mwenyewe amekaa mbele pamoja nami. Akaja mvuvi mmoja, Majura, anakimbia. Mkewe Nyabise uchungu ulikuwa umemshika tangu alfajiri, mtoto hashuki, na mkunga wa zahanati amesema apelekwe hospitali Musoma upesi. Nikashuka nishushe magunia.

"Acha hapo hapo," Mafuru akasema. "Atalala juu yake. Dagaa wangu siwaachi jua liwaharibu."

Tukamlaza juu ya magunia, mama mkwe wake amemshika kichwa, Majura amemshika miguu. Tulipoanza kupanda mlima, injini ikaanza kugonga kama mtu anayetikisa kokoto kwenye kopo. Nikasimama. Nikamwambia Mafuru, niruhusu nirudishe taiming, ni kazi ndogo, spana ninayo, na haya magunia tuyashushe hapa.

"Kanyaga!" akafoka. "Kuna mgonjwa huko nyuma, unataka kucheza na spana?"

Nikakanyaga. Hatukufika juu. Kishindo kimoja, moshi, kimya. Na Nyabise anapiga kelele.

Mtoto alizaliwa pale pale, kaka, pembeni ya shamba la pamba, jua linachoma, bibi yake ametandaza kanga juu ili kupata kivuli. Alilia, tukashukuru Mungu. Lakini damu ya mama haikukatika. Likaja trekta linalovuta tela la pamba, tukampandisha. Nilimwambia Mafuru twende wote. Unajua alinijibu nini?

"Nani atalinda dagaa?"

Kabla hatujaondoka nilifungua rejeta, imeshapoa kidogo, nikamwonyesha. Maji yalikuwepo. Aliyaona kwa macho yake. Huyo ndiye amekuandikia kwamba sikutia maji.

Hospitali Majura alitolewa damu ya kumwongezea mkewe, nami nikatolewa. Nyabise amepona, lakini alikaa wodini hadi mtoto akajua kucheka. Na Mafuru muda huo alikuwa mgahawani anasimulia watu. "Gari langu siku hizi linazalishaga!" Watu wanacheka. Nilipomwambia aone haya, akasema, "Mtoto si mzima? Unataka nini zaidi?"

Akatafuta pistoni ya gari bovu, injini ikafungwa. Kisha akalipeleka tena Mukendo, tena kwa fundi yule yule! Akanipa funguo kesho yake, uani kwake, wateja wamejaa wanasubiri kupanda.

Nilifungua boneti mbele yao wote, nikalegeza distribyuta, nikawasha injini, nikasikiliza, nikairudisha mahali pake, nikakaza. Mafuru alikuwa anapiga kelele waniitie polisi. Hakuna aliyekwenda. Mama mmoja akamwambia, "Mwache amalize, ni sisi tunaopandaga humo." Nilipomaliza nikamtupia funguo miguuni, nikachukua begi langu, nikaja Bunda. Hapa nabeba pamba kupeleka kiwandani, na anayenisimamia ananiachia boneti.

Kwa hiyo, kaka, radhi simwombi. Wewe ulinilea, ukiniambia nilale chini nitalala, lakini hili hapana. Na uliponiandikia safari hii, hukuuliza hata mara moja kwangu ilikuwaje. Hilo nimeliweka moyoni, nakwambia waziwazi.

Mama mwambie kitenge chake nimeshanunua. Msalimie shemeji, watoto, na shangazi yetu wa Magunga. Mwambie mimi mwanawe bado nina mdomo ule ule. Fundi mwenzako wa gereji mpe mkono.

Nimesikia Mafuru anakuja huko Korogwe kukutembelea sikukuu ya Idi. Mimi nami nilipanga kuja. Chagua mgeni wako, kaka, kisha nijulishe mapema, nijue kama nikate tiketi au nisikate.

Ni mimi mdogo wako, wa tumbo moja,
Athumani