Bilauri ya Sigara

Taichung, 4 Machi

Baba, shikamoo. Kifua kimeamkaje? Mimi mzima, na bibi ninayemtunza siku hizi anakula. Raras wangu hajambo? Mwambie mama yake anamuota.

Nimekutumia sigara ya mvuke, ina harufu ya tikiti. Daktari alikwambia wazi: mapafu hayawezi tena moshi. Na Raras hana mwingine wa kukaa naye hapo Kudus mpaka mkataba wangu wa kazi huku ugenini uishe. Jaribu, Baba, kwa ajili yake.

Mwanao, Wening

Kudus, 29 Machi

Wening mwanangu, marahaba. Tupo, kikohozi ni kilekile. Raras amejua kufukuza kuku.

Kidude nimekijaribu. Lakini hakina mwisho: sigara ikiisha unainuka, hiki unanyonya tu. Wala husikii karafuu ikitatarika. Mama yako alisokota sigara za karafuu kiwandani mpaka anafariki. Ile ndiyo harufu ya mikono yake.

Kisha jirani akafanya hitima. Bilauri ya sigara ikawekwa mkekani; kuikataa ni kumkataa marehemu. Nilipotoa kidude, mzee mwenzangu Karjo akasema, "Huyu aliachishwa ziwa, karudi kunyonya." Wakacheka. Nikachukua moja. Sasa navuta vyote viwili.

Baba yako

Taichung, 15 Aprili

Baba, shikamoo. Nilisoma nikacheka, kisha nikalia. Ukivuta vyote viwili mapafu hayapumziki. Nimepata maji ya ladha ya karafuu ya kutia kwenye kidude, yanakuja. Hitimani ukipewa sigara, pokea, iweke sikioni, sema utavuta nyumbani. Nikirudi nitakukuta kizingitini na Raras mapajani, najua.

Mwanao

Kudus, 20 Mei

Mwanangu, marahaba. Karafuu yako ni kama kumwonyesha mwenye njaa picha ya wali. Hata hivyo najitahidi. Za hitima naziweka sikioni. Shida ni kwamba mimi na sigara tunafika nyumbani pamoja. Raras akilala natoka uani, asinione.

Baba yako

Kudus, 11 Agosti

Baba, leo sina wa kumuuliza kifua kimeamkaje. Nilifika umeshazikwa.

Hitima yako imesomwa leo. Nilimwambia Mzee Karjo nyumba hii haitaweka sigara. Akanijibu polepole, "Mwanangu, unataka baba yako aonekane hakuacha mtu?"

Nikaenda dukani. Nikazipanga kwenye bilauri kwa mkono wangu, nikaiweka mkekani. Kila mmoja akachukua yake, akakuombea, akawasha. Karafuu ikatatarika nyumba nzima.

Raras yuko mapajani mwangu. Ameanza kukohoa.

Mwanao, Wening