Dakika Kumi na Tano za Tanuri

Kaka yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi na watoto, na kwamba lile bega lako halikusumbui tena siku za baridi. Sisi huku hatujambo. Mama anapumua vizuri tangu abadilishiwe dawa, na bado anamwambia kila mgeni kwamba mwanawe wa kwanza anafundisha ufundi wa redio chuoni, hata mgeni aliyekwisha kuambiwa mara tatu. Mimi mwili mzima, moyo ndio unaumwa. Nimeshika kalamu badala ya simu kwa sababu kwenye simu ungeniuliza swali katikati, nami ningepata pa kukimbilia.

Kiwanda cha mjomba usingekitambua. Tulianza watatu, yeye, wewe na mimi, kwenye chumba cha nyuma ya nyumba yake, tukifungua kibodi mbovu za watu na kuzisugua kwa mswaki, mpaka siku ile alipopiga meza akasema kama tunajua kuzifufua, basi tutajua na kuzizaa. Leo tuko mia tatu na kumi. Kuna jengo la vipanya, jengo la spika, na jengo la kibodi ambalo ukisimama mwanzo wake humtambui mtu aliye mwisho. Badala ya lile tanuri letu moja la kukaushia wino wa kupitisha umeme kwenye karatasi za plastiki za ndani ya kibodi, sasa yapo manane, kila moja refu kama basi. Na mimi niliyekuwa nikibandika herufi kwa vidole ndiye msimamizi mkuu wa uzalishaji. Hayo mama amekwisha kukupa, najua. Asichokijua mama ni kwamba tumekua kama mtoto anayerefuka bila kula. Oda ya pili inaingia kabla ya kwanza haijatoka, na mjomba hajui neno "hapana".

Mwanzoni mwa mwaka tulipata kazi ya hospitali kubwa: kibodi elfu sita za wodini, za kufutika kwa dawa. Tulipeleka elfu mbili za kwanza, tukapongezana.

Wiki tatu zilizopita akaja muuguzi mmoja akiwa na sare yake, kibodi ameifunga kwenye taulo kama mtoto mchanga. Watu wa mauzo walijaribu kumpokea, akawapita. Aliketi mbele yangu, akaichomeka kwenye kompyuta yangu, akaniomba nibonyeze tano mara moja tu. Nikabonyeza. Kwenye kioo zikatokea tano mbili. Nikarudia, ikatoka moja, sawasawa. Mara ya tatu, hamsini na tano tena. Akaniambia kwamba ile tano ilikuwa kipimo cha dawa ya mtoto wa miaka miwili.

"Mimi niliiona kwa sababu namba ilinishtua," alisema. "Mwenzangu aliyesimama saa kumi na mbili mfululizo ataiona?"

Nilipiga simu hospitali mbele yake, wakazichomoa zote siku ileile. Kisha nikashuka kwenye matanuri, nikapasua kibodi mbili. Wino ulikuwa mbichi, unanata kidoleni. Wewe huhitaji nikueleze: ukibonyeza mara moja, karatasi hushikana na kuachana mara mbili. Nikatazama saa ya tanuri. Dakika ishirini na tano, badala ya arobaini.

Anayesimamia matanuri wanamwita Bwana Saa, maana hata ukimuuliza hali yake hutazama mkononi kwanza. Utamkumbuka, zamani alikuwa mbeba masanduku. Nilimuuliza kwa ukali nani aliyempa ruhusa. Alinitazama kwa mshangao wa kweli.

"Si nilikuona wewe, mama? Kazi ilitubana, ukapunguza. Baadaye ukapanda cheo. Mimi nikajifunzia hapo."

Alisema kweli. Lakini nilinyamaza, kaka. Hata hapo nilinyamaza. Siku mbili nzima.

Siku ya tatu mjomba alituita wote uani. Alimsimamisha Bwana Saa mbele ya masanduku, palepale alipokusimamisha wewe miaka minane iliyopita, akamuuliza kwa sauti ya radi nani aliyemfundisha kuiba dakika. Bwana Saa ana watoto watano. Aliinamisha kichwa, asinitaje. Nikaona kwamba mtu yule angefukuzwa kama wewe, na mimi ningerudi ofisini kunywa chai.

Basi nikapita mbele, nikayasema, na sasa nakwambia wewe uliyestahili kuambiwa kwanza. Ni mimi. Siku wifi alipopata uchungu, ukaniachia zamu, nilipunguza tanuri ili oda ile ya shule iishe kabla hujarudi, nionekane naweza. Kibodi mia nne ziliporudishwa, daftari la zamu lilikuwa na sahihi yako. Uliapa kwamba hukupunguza hata dakika moja, ukanigeukia nikutetee, nami nikainama kufunga kamba ya kiatu. Kiatu changu hakikuwa na kamba.

Mjomba aliniuliza polepole kama wewe unajua. Nikasema hujui, nikaanza kulia.

"Usinililie mimi," akasema. "Aliyemfukuza ni mimi, nitajibu langu. Aliyenyamaza ni wewe."

Kisha akawageukia wafanyakazi, akawaambia kwamba mpwa wake alionewa, na aliyemwonea ni yeye mwenyewe.

Kibodi zote zimerudi. Hospitali imevunja kazi, nusu ya mashine za jengo la kibodi zimezimwa, lakini hakuna mgonjwa aliyedhurika, muuguzi alinihakikishia mwenyewe. Bwana Saa amebaki. Mimi nimevuliwa cheo, nakaa benchi moja na kina mama niliokuwa nikiwaamrisha, tunafungua kibodi mbovu moja moja. Hawanisemeshi sana. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, nami siiombi.

Nisalimie wifi kwa heshima zote. Mwambie uchungu wake niliutumia vibaya. Wabusu watoto. Mama anakusalimu, na haya nimekwisha kumweleza. Aliniuliza tu nauli ya kufika kwako ni kiasi gani.

Jumamosi nitapanda basi la asubuhi. Nitabisha hodi mara moja tu. Ukifungua, nitayarudia yote kwa mdomo wangu, nikikutazama machoni. Usipofungua, nitaketi kizingitini mpaka basi la kurudi, kisha nitaondoka, nami sitakulaumu.

Ni mimi mdogo wako,
uliyezoea kuniita Sisimizi