Gari ya karburatere sita

Baba Elia, mume wangu,

Jambo sana. Hapa ku kambi ya wakimbizi ya Dzaleka tuko tunapumua. Ile muguu yako iko namna gani kule kwetu? Unaipaka mafuta, ao unangoja mi nirudi kukugombeza?

Sikiliza. Mutoto wetu Elia alikuwa anatumika mu garaji moja ya Lilongwe. Wakaleta gari ya mbio ya tajiri mumoja, fupi, inanifika ku kiuno. Moteri silinda kumi na mbili, karburatere sita za kuchanganya mafuta na hewa, na inakohoa. Mafundi wote wakashindwa. Elia, fundi wa malori ya Uvira, akatia mupira ya maji mu sikio, ncha ingine ku mudomo ya kila karburatere, akasikiliza namna inavuta hewa. Moja ilikuwa inavuta kidogo. Akageuza visi, zile skrubu zake, polepole mpaka zote sita zikapumua sawa. Njo tajiri akasema: "Huyu namupeleka Johannesburg. Niko na gari zingine kule."

Mi nikakataa. Akienda, jina yake inatoka ku karatasi ya kambi, haesabiwi tena mukimbizi. Na we baba yake hauko hapa wa kumubariki.

Juzi Elia na tajiri wakakuja kuniomba ruhusa. Gari ikabaki ku lami na tajiri, maana mawe ya barabara yetu ingeikwaruza tumbo. Elia akanifuata na kabaza, nikapanda ile baisikeli na uzee wangu. Kufika, nikafungua mbele nione moteri: nafasi ya kuweka valizi ya nguo tu!

"Mama, moteri iko nyuma."

"Nani mujinga aliipanga kinyume?"

Tajiri akacheka, akatuachia viti viwili. Elia akakanyaga. Mugongo yangu ikakwama ku kiti, miti ikawa ukuta. Nikalia: "Punguza, we mutoto! Unataka kuniua?" Akashika freni, gari ikatii bila kuyumba.

"Umesikia, mama? Hakuna inayokohoa."

Nikamutazama uso. Ku kambi akikuja anakaa ku mulango kama mugonjwa. Pale alikuwa Elia wa zamani.

Tukarudi kwa tajiri. Nikamupigisha Elia magoti pale kando ya lami, nikaweka mukono ku kichwa yake, nikaomba kwa jina yako na yangu. Barua ya kukuuliza ingechelewa. Jana ameenda.

Tangu jana sikai. Nachambua maharagwe, naacha. Nafagia, naacha. Gari ikilia ku lami, natoka inje kama mwenda wazimu.

Salamu kwa dada yako mwenye kelele, kwa mukwe wetu mushonaji, na batoto bake bote.

Kasirika ukitaka, lakini umuombee leo, kabla haujakula.

Mi, bibi yako, Mama Elia