Papa Hugues, Swali Lako Limeulizwa

Mwaka umetimia, Papa, tangu tulipokuzika na koti lako la kahawia. Nyumba yetu ya mtaa wa Muhumba bado inakungoja kila jioni.

Ulikuwa mpole na mtani. Ulizoea kusimama barazani, mlango umefungwa, ukasikiliza kelele za sufuria, kisha ukasema: "Leo Maman Bibiane iko na hasira, tuingie pole pole." Na kweli, hasira tuliikuta.

Kazi yako nayo ilikuwa hivyo. Kule ng'ambo kuna mashine yenye gesi ya moto kuliko jua, plasma, ambayo kipimo chochote kikiingia kinayeyuka. Wewe ulikaa Bukavu mbele ya kompyuta, ukingoja umeme urudi, ukasoma nguvu za sumaku zilizopimwa na koili, nyaya zilizoviringwa kuzunguka chombo kwa nje. Kwa hizo tu ukatuambia huko ndani plasma imekaaje.

Tonton Willy, mwenzako wa kazi chuoni ambaye watoto walimwita ami, alikula mezani petu miaka yote. Kwenye matanga alilia kuliko sisi. Wiki ileile akamwambia Maman: "Maman, unipatie ordinateur ya muzee, kazi yake isipotee." Maman akampa kompyuta yako, na baraka juu.

Baadaye akatualika kwenye défense yake, siku ya kutetea tasnifu mbele ya jury ya maprofesa. Papa, zilikuwa hesabu zako, calcul zako zilezile. Carine, binti yako uliyemfundisha mwenyewe, alizitambua mstari kwa mstari. Jina lako halikuwepo hata kwenye shukrani. Wewe ulihesabu plasma ndefu, yenye umbo la yai. Yeye, ili wizi usijulikane, akaichora duara kama sahani, majibu akayaacha yaleyale.

Hapo alijimaliza. Hata sisi wa mezani ulitufundisha: plasma ikiwa duara, koili za nje zinakupa mgandamizo wa gesi na mpangilio wa umeme wake vikiwa vimechanganyika, na kwa nje peke yake huwezi kuvitenga; vinatengana ikiwa ndefu tu.

Walipofungua maswali, Carine akasimama. "Tonton, plasma yako iko duara. Ile mambo mbili uliitenganisha namna gani na vipimo ya inje tu?"

Willy akanywa maji. Akamtazama Maman, Maman akamtazama tu. Jury wakamwambia ajibu.

"Ile calcul," akasema kwa sauti ndogo, "ni muzee Hugues alifanyaka."

Ndivyo jina lako lilivyosikika ukumbini, kutoka kinywani mwake. Thèse, ile tasnifu yake, ikakataliwa. Mbuzi wa fête, sherehe aliyojiandalia, walikuwa wameshachomwa, tukakaa tukala, mtoto wako Aganze akaongeza nyama. Tulifurahi, Papa, hatufichi. Wewe ungemsamehe. Sisi bado.

Misa yako ni Jumamosi asubuhi, parokiani kwetu. Willy naye tumemwalika. Kiti chake kiko mbele kabisa, kinatazamana na picha yako.

Ni sisi: mke wako Bibiane, watoto wako Carine na Aganze, mdogo wako Constantin wa Luhwindja, na wajukuu.

Wewe tutakukumbuka siku zote kwa upendo. Yeye tutamkumbuka pia.