Vibuyu Sita vya Kogo

S.L.P. 1183,
Kitale.
12 Mei 2025.

Mpendwa Mama Mkubwa Chepkosgei,

Chamgei. Kwanza niambie goti lako la kushoto linaendeleaje, na kama bado unapanda ngazi za kanisa ukishika ukuta. Baba Mkubwa Wabwile je, kile kikohozi kilimwachia? Sisi tu wazima wa kutembea. Mvua imetushika tangu Aprili, mahindi yamefika magotini, na ng'ombe wetu mweupe amezaa ndama jike.

Utashangaa kupata barua badala ya simu. Unajua mwenyewe simuni sauti yangu hupotea hadi unadhani laini imekatika. Tena simu ya nyumbani ni moja, ya mama, na hiyo simu ni nusu ya habari ninayokuletea. Mama Wekoye wa kanisa letu anakuja Bungoma kesho kumwona bintiye, naye amekubali kuibeba barua hii. Mwishoni nina ombi. Ukilisoma peke yake utaona nimekosa adabu, kwa hivyo tafadhali soma ya katikati kwanza.

Tangu nimalize Kidato cha Nne nimekuwa nikimsaidia mama sokoni huku nikingoja kujiunga na chuo Septemba. Sikujua kazi yake ya kugandisha maziwa ya mursik imekua hivyo. Nilipokuwa bwenini nilidhani bado anauza vile vibuyu viwili vya Jumamosi. Sasa ana vibuyu kumi na vinne, na watu wanaagiza kutoka Webuye, Kapsokwony, hata Suam, ambako baba anafanya kazi na huwasimulia wenzake. Mimi huosha vibuyu na kuponda mkaa wa mti wa senetwet wa kupaka ndani yake. Kuongea na wateja nilimwachia yeye.

Mama hajui kukataa. Mtu akipiga simu, yeye husema ndiyo kabla hajasikia ni siku gani. Kisha hukata simu na kubaki ameshika kiuno, akitazama vibuyu kana kwamba vitazaana. Wacuka, yule anayeuza viazi karibu na kibanda chetu, humtania kila siku. Alimwambia, "Mama Jerono, ng'ombe wako anakamuliwa mara mbili kwa siku. Wewe hiyo simu inakukamua mchana kutwa." Mama alicheka, lakini simu ikalia na akajibu kabla hajamaliza kucheka.

Mwezi wa Machi alianza kuumwa kichwa upande mmoja. Chakula alikuwa anakisogeza sogeza tu kwenye sahani. Nilimsindikiza kliniki, nesi akapima presha mara mbili kwa sababu hakuamini ile ya kwanza. Alimpa dawa na kumwambia apumzike. Mama alimjibu kwa upole kwamba atapumzika Disemba. Akanikataza kukuambia, na mpaka leo nilikuwa nimemtii.

Halafu likaja jambo la Mzee Rotich wa Kapsokwony. Aliagiza vibuyu kumi vya koito ya binti yake, wageni wa upande wa mvulana walipokuwa wanakuja kuzungumzia mahari. Wewe umelelewa na vibuyu, huhitaji kuambiwa kwamba kibuyu kikioshwa kinainamishwa siku mbili hadi kikauke ndani kabisa ndipo kitiwe mkaa. Wiki hiyo mvua haikukatika, na mama alikuwa ameahidi watu wengine wanne. Tuliviosha jioni, na kesho yake asubuhi akaanza kuvitia mkaa. Niliingiza kidole katika kimoja nikahisi unyevu. Mama Mkubwa, nilijua. Nilimtazama usoni, nikaona vile macho yake yalivyokuwa mekundu, nikaogopa kumwongezea neno. Nikamsogezea mkaa.

Job wa bodaboda aliyevipeleka ndiye aliyetusimulia. Mzee wa kwanza kuonja alishusha kikombe polepole, kisha akamwaga yote nyasini. Wakafungua cha pili, harufu ikawa ile ile. Wageni wakaanza kutazamana, na kuna mama mmoja aliyeuliza kwa sauti kama hiyo ni dalili ya ndoa yenyewe. Ilibidi mtu akimbie dukani kununua soda. Fikiria, koito ya soda.

Mzee Rotich alipiga simu jioni hiyo. Mama alisimama karibu na mlango akisema pole mzee, pole mzee, hadi nikaacha kuhesabu. Siku mbili hakuenda sokoni. Siku ya tatu alivitia vibuyu vyote ndani ya gunia na kumwomba Wacuka amtafutie yule mtu anayevipaka rangi na kuwauzia watalii. Vilikuwamo na vile vyake sita alivyorithi kwa kogo, mama yenu, ndugu za vile sita ulivyonavyo wewe. Sikulia mbele yake. Nililia zizini.

Gunia lilikuwa bado mlangoni simu ilipolia tena. Mama alikuwa nje akikamua, nami nikaona jina la Mzee Rotich. Nilitaka kuiacha ilie hadi ichoke. Sijui ni nini kilichonifanya niichukue. Mzee alisema siku ya harusi kanisani imekaribia, na mama wa bibi harusi hataki mursik ya mtu mwingine, kwa hivyo mama yangu ajaribu tena na avilete Ijumaa. Ilikuwa Jumanne. Safari hii sauti yangu haikupotea.

"Ijumaa haiwezekani, mzee. Vibuyu vinahitaji kukauka. Tupe hadi Alhamisi ya wiki ijayo."

Mzee akauliza, "Wewe ni nani?"

"Ni Jerono, binti yake."

"Mama yako hangeniambia hivyo."

"Ndiyo maana mursik iliharibika, mzee."

Nilidhani atanitukana. Alicheka hadi akakohoa, akasema harusi ni Jumamosi ya wiki hiyo hiyo, basi Alhamisi itatosha. Nilipogeuka, mama alikuwa amesimama nyuma yangu na ndoo ya maziwa. Alisikia yote. Nilimwambia kuhusu kidole changu na ule unyevu. Hakunikemea. Aliketi juu ya lile gunia na kusema kwamba hata yeye alijua, ila hakuwa na nguvu ya kumwambia mtu angoje. Baadaye akaanza kuvitoa vibuyu kimoja kimoja na kuvipanga kichanjani.

Sasa simu inakaa kwangu tangu asubuhi hadi saa nane. Bado naogopa wateja wakali wakipiga, ila nimeandika maneno ya kukataa kwenye karatasi na kuibandika ukutani, nami huyasoma. Kibuyu kinachokauka nakifunga uzi mwekundu shingoni, na mama ameahidi kutogusa chenye uzi. Jumatatu hatuuzi. Siku ya kwanza mama aliniuliza, "Kwani sasa hata mimi ni kibuyu?" Nikamwambia uzi bado upo. Alikwenda kwenye mazoezi ya kwaya na Wacuka, akarudi amechoka na anaimba. Dawa anameza, nami namhesabia vidonge.

Sitaki udhani yote yamenyooka. Juzi nilimkuta nyuma ya zizi akijibu simu niliyoificha kwenye debe la unga, na alikuwa na unga sikioni.

Harusi ilikuwa juzi Jumamosi. Job amerudisha vibuyu vyote, pamoja na mfuko wa wimbi kutoka kwa mama wa bibi harusi. Anasema wazee waliomba kuongezewa. Mama alishika ule mfuko wa wimbi kama mtoto mchanga.

Lakini tangu jana wageni wa ile harusi wanapiga simu, na leo asubuhi mama amesema kwamba vibuyu vyetu havitoshi. Wiki hii atakupigia akuombe vile sita vya kogo ulivyonavyo.

Ombi langu ndilo hili. Tafadhali usimpe.

Najua ni vyenu ninyi wawili, na mimi ni mtoto tu. Lakini namjua mama. Vikifika hapa havitakaa vikipumzika pamoja na vingine. Atavijaza, kisha ataahidi watu sita zaidi, na nesi atapima presha mara mbili tena. Mimi naweza kumkatalia mteja. Mama siwezi kumkatalia. Wewe ni dada yake mkubwa, atakusikia. Mwambie viko na kazi huko Bungoma. Badala yake njoo wewe, Jumatatu yoyote goti likikuruhusu, mikono mitupu. Mkiketi pamoja jikoni hatakumbuka simu.

Ameniuliza sasa hivi naandikia nani. Nimesema wewe. Amesema nikuambie yeye ni mzima kabisa. Sijaandika hivyo kwa niaba yake, kwa sababu bado si kweli. Lakini hajaniuliza simu iko wapi, na amejilaza kwenye kiti tangu tulipomaliza chakula cha mchana, viatu amevua. Nadhani amelala.

Nisalimie Baba Mkubwa Wabwile, na mwanao Levi, umwambie ndama ni wake kumpa jina akija. Nisalimie pia Mzee Barasa jirani yako aliyenipa maembe. Mungu alitie nguvu goti lako na kukufungulia njia ya kuja.

Ni mimi mtoto wako nikupendaye, ninayekungoja Jumatatu,

Jerono.